Bakteria wa Lamu aliyepotea kabla ya kupata jina

Jumatatu baada ya Idi niliifungua friza yetu hapa Malindi nikakuta barafu imeyeyuka, maji yametuama kwenye trei ya chini na lebo zimejikunja. Vichupa viwili nilivyovitafuta vilikuwa rafu ya pili, kisanduku kimoja, vimepangwa bega kwa bega. Ndani yake mlikuwa na bakteria aliyetoka tumboni mwa bibi mmoja wa kisiwani Lamu, na kwa kadiri tulivyoweza kuchunguza, hakuna maabara nyingine iliyokuwa imewahi kumwotesha. Nilivipanda vyote viwili siku hiyohiyo. Nikasubiri wiki tatu. Hakuna kilichoota.

Nakiandika kisa hiki tangu mwanzo kwa sababu vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu huniuliza mara kwa mara bakteria mpya hutambuliwaje, na wakishaonyeshwa mashine huona wamejibiwa. Mashine zilitutendea haki. Tulikosea mahali pengine, na nataka paonekane.

Bibi alikuwa amepita miaka 70, mzima wa afya, na kwa mwaka mzima hakuwa amemeza antibiotiki. Chakula chake kingi ni kile alicholelewa nacho: mkate wa mofa, samaki, muhogo, nazi, maembe msimu wake ukifika. Tulikuwa tukitafuta wazee wa namna hiyo, maana sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu bakteria wa utumbo yametoka kwa watu wa Ulaya, Marekani na China. Hata uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2025, uliopima choo cha wanawake zaidi ya 1,800 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, kwa upande wa Kenya uliwachukua wa Nairobi. Pwani yetu na vyakula vyake bado haijasomwa vya kutosha.

Choo tulikitaka cha alfajiri, na kikishatoka kazi inakuwa ya kukimbizana na hewa. Bakteria wengi wa utumbo mpana huishi pasipo oksijeni. Faecalibacterium prausnitzii, ambaye ni miongoni mwa walio wengi zaidi kwa mtu mzima mwenye afya, hufa kwa dakika chache tu akiachwa hewani. Kwa hiyo kikopo tulikitia ndani ya mfuko wenye pakiti ya kunyonya oksijeni, mfuko ukaingia kwenye kasha la barafu, kasha likapanda boti hadi Mokowe, kisha gari kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 200. Waliokufa barabarani hatutawajua.

Supu zetu za kuoteshea huwa tumezitia tone la resazurini. Hewa ikiwa imetolewa yote, supu hubaki na rangi yake ya chai ya rangi iliyopoa. Oksijeni ikipenya hata kidogo, hugeuka waridi. Siku ile chupa moja iligeuka waridi mkononi mwangu, taratibu, kuanzia juu karibu na kizibo kushuka chini. Mpira wa kizibo ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliimwaga chupa hiyo. Mtu akitaka kujua kazi hii ina ugumu gani, amtazame mwenzake akiwa ameishika chupa kwenye mwanga, anangoja kuona kama itaona haya.

Sahani za kuoteshea, tulizozipandia kile choo, tulizifungia kwenye mtungi usio na hewa. Baada ya siku mbili tulizisoma tukakuta wenyeji wa kila siku: akina Bacteroides, na Escherichia coli, ambaye Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885 kutokana na choo cha watoto wachanga. Kawaida sahani zikishasomwa hivyo hutupwa. Lakini Maulidi ya Lamu yalikuwa yameingia, nusu ya wafanyakazi tumekwenda, na mtungi mmoja ukabaki umefungwa. Tuliporudi siku ya nane, kwenye sahani iliyokuwa imechanganywa na damu, kati ya makoloni makubwa ya Bacteroides, yaani marundo yao yanayoonekana kwa macho, mlikuwa na kidoa cha kijivu kisichofika ukubwa wa kichwa cha pini, kingo zake zimechanika.

Mambo kama haya yana historia. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wakipanda vipande vya tumbo na kuzitupa sahani baada ya siku mbili, hawaoni kitu. Sikukuu ya Pasaka ikaziacha sahani zikae zaidi, na ndipo akaota bakteria wa vidonda vya tumbo aliyewapa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwanzoni aliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Campylobacter, na mwaka 1989 akahamishiwa kwenye jenasi yake mwenyewe, Helicobacter. Nawaambia vijana wasizitupe sahani mapema, na wasidhani jina ni kitu cha milele.

Koloni ile nikaihamisha kwa sindano ya plastiki. Mashine inayopima uzito wa protini za bakteria na kuulinganisha na maktaba yake ilijibu kwamba haimtambui. Hapo ndipo furaha ya kwanza ilipoanza, na ilianza mapema mno. Maktaba ya mashine ile imejazwa zaidi bakteria wa hospitalini, wale wanaougua nao watu. Kutomtambua mkaaji wa kawaida wa utumbo wa bibi wa Lamu ni jambo lililotarajiwa. Kutokuwemo katika daftari la mtu hakukufanyi uwe mgeni duniani.

Hatua iliyofuata ilikuwa jeni ya 16S. Jeni hii, yenye herufi za DNA kama 1,500, kila bakteria anayo, na hubadilika polepole sana, ndiyo maana Carl Woese na George Fox waliweza kuitumia mwaka 1977 kupanga upya mti wa viumbe. Desturi ya leo ni kwamba mfanano na jamaa wa karibu ukishuka chini ya asilimia 98.65, una sababu ya kushuku spishi mpya, na ukishuka chini ya 94.5, hata jenasi mpya. Wetu alikuwa karibu na 96 kwa jamaa wake wa karibu mwenye jina, ndani ya familia ya Lachnospiraceae.

Hapo kazi ikasimama, kwa sababu ambayo ningependa kila anayesoma kazi hii aijue vizuri. Chati ya herufi, ile yenye vilima vya rangi nne, ilikuwa safi karibu kote, lakini mahali pachache vilima viwili vilipandana: herufi mbili zinadai nafasi moja. Mwenzangu, ambaye ndiye mwenye uzoefu kunizidi, alisema moja kwa moja kwamba sahani imechanganyika, tuna bakteria wawili tunaowaita mmoja. Ilikuwa shaka ya haki. Makosa mengi ya kutangaza bakteria wapya huanzia hapo: unachanganya vipande vya wawili, unapata wa tatu asiyekuwepo.

Tulimpanda upya, tukachagua koloni moja, tukampanda tena, mara tatu, na kila mara ni kungoja wiki moja na zaidi kwa sababu yeye haharakishwi. Mara zote tatu vilima vilipandana palepale, si pengine. Hilo ndilo lililotufumbua macho. Kama wangekuwa wawili waliochanganyika, kila tukichagua koloni, mmoja angepungua na mwingine angezidi, na vilima vingebadilika urefu. Vyetu havikubadilika. Bakteria wengi hubeba nakala kadhaa za jeni hii ndani ya seli moja (E. coli anazo saba), na nakala hizo si lazima zifanane herufi kwa herufi. Jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ilipokuja kusomwa, ilithibitisha: seli moja, nakala kadhaa, tofauti zilezile mahali palepale. Miezi miwili ilikwenda kwenye vilima hivyo, na sijutii hata siku moja.

Jenomu ndiyo inayotoa hukumu ya spishi siku hizi. Zamani DNA za bakteria wawili zilichanganywa kwenye kioo na kupimwa jinsi zinavyoshikana, mpaka ukiwa asilimia 70. Sasa kompyuta hulinganisha jenomu mbili kipande kwa kipande, na wastani wa mfanano ukiwa chini ya asilimia 95 hivi, hao ni spishi mbili. Wetu na jamaa yake mwenye jina hawakufika 90. Siku hiyo niliandika ujumbe kwa wenzangu: tumepata bakteria mpya.

Ilinibidi niusahihishe kesho yake. Tulipoipeleka jenomu kwenye hifadhidata ya jenomu iliyoanzishwa Australia, ambayo haiangalii wenye majina peke yao, tuliangukia bakteria anayefanana naye kupita kiwango cha spishi. Alikuwa hana jina, ana namba tu, na jenomu yake ilikuwa imeungwa kwa kompyuta kutokana na vipande vya DNA vilivyokutwa kwenye vyoo vya watu wa nchi za mbali. Hakuna aliyewahi kumwona. Na yeye si wa peke yake: orodha kuu ya jenomu za utumbo iliyotolewa mwaka 2021 ilikuwa na spishi 4,644, na zaidi ya asilimia 70 yake hazikuwa na hata bakteria mmoja aliyeoteshwa. Zinajulikana kama watu wanavyomjua mpita njia kwa nyayo zake kwenye mchanga.

Kwa hiyo swali la kwamba ni mpya au si mpya likapata jibu lenye sehemu mbili. DNA yake ilishaonekana. Yeye mwenyewe, akiwa hai, akila sukari fulani na kuikataa nyingine, akigawanyika mbele ya hadubini, alikuwepo Malindi peke yake. Kitu kilichokuwa chetu kikweli, ambacho dunia haikuwa nacho, ni kile kichupa. Jenomu angeweza kuitoa mwingine. Na kitu tulichokilinda kuliko vyote kilikuwa faili la jenomu: tulilinakili sehemu tatu, tukalipandisha kwenye intaneti, tukalitia kwenye diski nyumbani kwa mkuu wetu. Vichupa tulivitia viwili, friza moja.

Kanuni za kutoa majina zenyewe zingetuongoza kama tungezisoma kwa utaratibu. Tangu mwaka 2001, jina la bakteria halikubaliki mpaka mbegu yake hai iwekwe katika hazina mbili za bakteria zilizo katika nchi mbili tofauti, kama ile ya Braunschweig, Ujerumani, ambapo mtafiti yeyote anaweza kuiagiza. Nchi mbili. Waliotunga kanuni hiyo walijua kuhusu vita, mafuriko na stima kupotea. Sisi tuliiona kama sharti la mwisho la karatasi, tukaliweka mwishoni.

Nimepitia daftari la kazi siku kwa siku ili nione tulipoteza wakati wapi. Kutoka siku jenomu ilipokamilika hadi Idi ni zaidi ya miezi mitatu. Muda huo tulipima sukari anazokula, asidi za mafuta kwenye utando wake, joto analolipenda, tukapiga picha zake. Yote ni ya lazima kwa makala ya kumweleza, lakini hakuna hata moja iliyohitaji kutangulia. Tulitaka tumpeleke akiwa amekamilika, kama bibi harusi anayengojewa hina ikauke. Mbegu ingeweza kwenda mikono mitupu.

Karatasi nazo zilichelewa. Kupeleka kiumbe hai nje ya Kenya kunataka vibali, mikataba kati ya maabara na maabara, na uthibitisho kwamba aliyetoa sampuli aliridhia. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya viumbe vya nchi na mgawanyo wa faida yake, ambayo Kenya ni mwanachama na ilianza kufanya kazi Oktoba 2014, imezifanya hazina nazo ziulize zaidi. Wako wanaosema sheria hizi zinaua sayansi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kilichotoka mwilini mwa bibi yule kina mwenyewe, na nchi ina haki ya kujua kinakwenda wapi na kitaleta faida ya nani. Sheria haikutuchelewesha. Tulianza kujaza fomu miezi mitano baada ya bibi kutia kidole gumba, na tungeweza kuanza wiki ileile.

Kuhusu friza yenyewe maneno ni machache. Mwezi mmoja kabla, ukuta ulipakwa rangi na friza ikasogezwa upande wa pili. Soketi ya upande wa pili haikuwa kwenye laini ya jenereta. Stima ilipopotea wikendi ya Idi, jenereta iliwaka kama kawaida, taa zikawaka, mitungi ya joto ikaendelea, friza ikanyamaza. Kengele yake ililia ndani ya chumba kisicho na mtu. Niliyesimamia kuisogeza ni mimi, na sikuuliza soketi inatoka wapi. Maulidi yalitupa bakteria huyu, Idi ikamchukua, lakini soketi haikuwa na uhusiano na sikukuu yoyote.

Baada ya hapo tulikuwa na njia moja halali ya kupata jina bila kiumbe. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni nyingine, iitwayo SeqCode, inayoikubali jenomu nzuri kuwa ndiyo kielelezo cha spishi. Bila hiyo, asiyeoteshwa huandikwa Candidatus, kama mgombea, na jina lake halina nguvu. Mwenzangu alitaka tuitumie SeqCode mara moja. Hoja yake ilikuwa nzito: jenomu yetu ilikuwa safi na kamili. Mimi nilitaka turudi Lamu kwanza. Jina lililosimama juu ya faili lingetutosha sisi, lisingemtosha mtu anayetaka kujua bakteria huyu anafanya nini kwenye ute wa utumbo, kwa sababu faili halili sukari.

Tulirudi. Tulipiga hodi asubuhi, tukamwamkia sabalkheri, akatukaribisha barazani, kahawa ikaja. Nilimweleza kwamba kile tulichokichukua kwake kimeharibika, na kwamba kosa ni letu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ina lake?" Ina ndilo jina, kwa Waamu. Nikamwambia hana. Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, miezi yote hiyo mmekaa na kiumbe na hamkukipa ina?"

Nilimweleza habari ya hazina mbili za nchi mbili. Nikamwambia tulifikiria kumwita kwa jina la Lamu, kwa Kilatini likawa lamuensis au lamuense kufuatana na jinsia ya jina la jenasi. Alilipenda. Alisema tusiliweke jina lake yeye, la mji linatosha.

Tatizo ni kwamba katikati ya miezi hiyo alikuwa ameumia mguu, kidonda kikashika usaha, na amepewa antibiotiki. Sampuli yake ya pili tuliipanda kwa uangalifu wote tuliojifunza. Wiki nne. Alikuja kila bakteria isipokuwa yule wetu.

Tulikuwa karibu kukata tamaa niliposhika tena maelezo ya nyumba ile. Bibi hali peke yake. Kila mchana hukaa na mjukuu wake wa miaka kumi, mkono wake na wa mtoto kwenye sinia moja, na usiku hulala chumba kimoja. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023, uliolinganisha bakteria wa watu wa nchi 20, ulionyesha kwamba wanaoishi nyumba moja hushiriki mbegu zilezile za bakteria kuliko majirani zao. Tukamwomba mama wa mtoto ridhaa, tukamwomba na mtoto mwenyewe kwa maneno yake, karatasi mpya, si nakala ya zile za bibi. Mtoto alicheka sana kusikia tunataka nini.

Siku ya tisa, kidoa cha kijivu, kingo zimechanika.

Jenomu ya bakteria huyu na ya yule wa bibi zimetofautiana herufi chache mno katika mamilioni. Ni yuleyule, aliyepita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu au kinyume chake, na akabaki pale ambapo antibiotiki haikufika. Kabla hata ya kusoma jeni, siku koloni ilipotosha kuhamishwa, tulitengeneza vichupa sita. Viwili viko friza yetu, na soketi nimeijaribu mwenyewe kwa kuzima stima ya jengo zima. Viwili viko jengo jingine lenye jenereta yake. Viwili vimekaushwa kwa baridi ndani ya kioo kilichozibwa kwa moto, vinangoja safari.

Hazina ya kwanza imekubali kumpokea. Ya pili imeomba barua moja zaidi ya kibali, na barua hiyo iko mezani kwa anayepaswa kuitia saini. Kwenye lebo bado tumeandika namba na tarehe.